UZI: Mpwapwa haikuanzishwa na Mjerumani. Karibuni tubishane

Mtoto wa Ving'hawe

Mbukwenyi wakuu.

Kuna uzi ulipita hapa juu ya miji mikongwe ya bara. Mchangiaji mmoja akamaliza kazi kwa mstari mmoja tu: "Mpwapwa ilianzishwa na Wajerumani 1887." Nikaona nisimjibu kule, hoja ingemezwa na ubishi wa Tabora na Ujiji. Naileta hapa ili wenye wilaya yao wachangie.

Ninachosema ni kwamba Mjerumani alikuta watu, soko na kambi ya misafara, yeye akaongeza bendera na bunduki. Mpwapwa imechaguliwa na wapagazi.

Anza na ramani. Unatoka Bagamoyo au Saadani, unapanda, unavuka milima ya Usagara, unashuka upande wa magharibi. Mguuni mwa Kiboriani unakuta vijito vinatiririka toka mlimani, kuna mtama, kuna ng'ombe na maziwa. Ukisogea mbele kidogo ni Chunyo, ambako maji yana chumvi hata punda anayanywa kwa kulazimika. Baada ya Chunyo ni Marenga Mkali, nyika ya kama kilomita 50 isiyo na maji, na misafara iliipita kwa mwendo wa kukaza, jua likichomoza na likizama. Ukitokeza ng'ambo uko Ugogo penyewe, na kila mtemi anakungoja umlipe hongo, yaani ushuru wa njia: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, masango ya waya. Hulipi, hupiti, na maji ya kisima chake huyagusi.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mpagazi wa Kinyamwezi. Ukielekea bara, Mpwapwa ndipo mwisho wa kujaza kibuyu na kununua unga. Ukitoka bara na pembe begani, ndipo maji ya kwanza ya maana baada ya nyika. Kwenda na kurudi, lazima ulale hapo, na si usiku mmoja. Watu wanapumzika, punda wanapumzika, misafara midogo inasubiriana ili iingie Ugogo kwa wingi.

Stanley alipita Mei 1871 akimtafuta Livingstone, na alifanya hivyo hivyo. Aliungana na misafara ya Waarabu, akina Sheikh Thani, wakawa watu kama 400, ndipo wakaikabili Marenga Mkali. Alisifu maziwa, samli na mayai ya Mpwapwa, maana alikuwa ameyakosa muda mrefu. Lakini hapohapo akalalamika juu ya wadudu, wale wadogo wenye koleo mkiani. Kwa maelezo yake, hemani walikuwa maelfu, kwenye kitanda chake cha kuning'iniza mamia, na kwenye nguo alizovaa hamsini hamsini. Aliona mahali panafaa hata kujengwa misheni, ila wadudu!

Hapo hapo ndipo alipomwacha mzungu mwenzake, William Farquhar, baharia wa Kiskoti aliyekuwa mgonjwa hawezi kutembea. Alimkabidhi kwa mkuu wa kijiji aliyemwandika kwa jina la Leukole, pamoja na nguo na shanga za kumtunza. Farquhar alifariki baada ya siku chache. Stanley aliporudi mwaka 1872 aliulizia kaburi, mwishowe akaacha rundo la mawe.

Nauliza: mwaka 1871 kuna kijiji, kuna mkuu anayeweza kupokea mgonjwa na malipo, kuna soko la kulisha watu 400. Huyo Mjerumani wa 1887 alianzisha nini?

---

Kijiwe Nongwa

Nipo siti ya mbele. Shusha nondo mkuu, usikate katikati kama wale wa "itaendelea" halafu mtu anapotea mazima.

---

Karani wa Boma

Mleta mada umeandika vizuri, lakini unachanganya kambi na mji. Njia ile ilikuwa na makambi kibao. Rehenneko ilikuwa kambi kubwa, leo uliza vijana wangapi wanaijua. Kilichoifanya Mpwapwa iwe makao ya wilaya hadi leo ni boma. Ofisi ikikaa mahali, polisi wanakuja, mahakama inakuja, Mhindi anafungua duka, mji umeanza. Maji peke yake hayajengi makao ya wilaya. Kama ni maji, hata Kibakwe kuna maji.

---

Mtoto wa Ving'hawe

Karani, shikamoo yako naiweka pembeni kwanza. Kati ya kambi na boma kuna hatua umeiruka, na ndiyo tamu kuliko zote.

Miaka ya 1870 wamisionari wa Kiingereza walikuwa wanataka kufika Buganda. Safari ndefu mno, wakahitaji kituo cha katikati. CMS (Church Missionary Society) wakaichagua Mpwapwa mwaka 1876, na kazi ya kudumu ikaanza 1878, pamoja na daktari, Edward Baxter. Kwa hiyo mgonjwa wa Mpwapwa alikuwa na daktari wa kumwendea kabla hata ya Berlin kukaa mezani na ramani yao.

Lakini kilichowaumiza kichwa wote kilikuwa usafiri. Mpagazi anabeba mzigo mmoja, anakula, analipwa, anaweza kukimbia. Wazungu wakasema lazima kuwe na njia nyingine. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society akatoka Saadani na maksai wanne kujaribu kama watafika Mpwapwa. Wakafika. Watu wakashangilia, tatizo limekwisha! Mwaka uliofuata wakaja na magari ya kukokotwa na msafara mzima wa maksai. Ndorobo, yaani mbung'o, akawafanyia kazi. Ng'ombe wakafa njiani, magari yakakwama, mizigo ikarudi vichwani mwa watu.

Mwaka huohuo wa 1877 Alexander Mackay, yule fundi wa CMS aliyekuja kujulikana sana Buganda, alikuwa anafyeka barabara toka Saadani mpaka Mpwapwa. Maili kama 230 kwa mashoka na mapanga, kukata miiba na kujaza mabonde. Kumbuka barabara hiyo mwisho wake ni wapi: si Tabora, si Ujiji. Ni Mpwapwa. Miaka kumi kabla ya kituo cha Mjerumani.

Halafu 1879 wakaja na tembo.

---

Kijiwe Nongwa

Tembo?? Tembo wa kupanda?

---

Mtoto wa Ving'hawe

Tembo wanne wa Kihindi, wamefundishwa kazi, pamoja na wachungaji wao. Ilikuwa akili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kabla hajajitwalia Kongo, na ile jumuiya yake ya kimataifa. Walishushwa Msasani, Dar es Salaam hiyo hiyo tunayoijua, wakatembezwa kuja bara chini ya mzungu mmoja aitwaye Carter. Lengo lilikuwa kufika Karema, ukingoni mwa Tanganyika. Ndorobo hawakuwaua kama maksai, kwa hiyo hadi Mpwapwa watu walikuwa na matumaini. Kisha wakaanza kufa mmoja mmoja, na hawakuwahi kuzoeleka kama usafiri.

Mimi hujiuliza bibi fulani wa Kigogo aliyekuwa anachota maji asubuhi hiyo alirudi nyumbani akasema nini. Nani angemwamini kwamba ameona tembo amebeba mzigo na mtu kakaa shingoni!

---

Karani wa Boma

Hahaha haya, tembo nimewakubali. Bado sijakubali hoja. Misheni si serikali.

---

Dada wa Kisokwe

Samahani kaka zangu, naingilia. Mnazungumza kama watu wa hapa walikuwa wanasubiri wapita njia wawaletee historia. Wagogo, Wasagara na Wakaguru wamekutana hapa kwa sababu ni mpaka wa milima na nyika. Mlimani unalima bila hofu kubwa ya ukame, nyikani unafuga. Mwaka ukiwa mbaya Ugogo, watu wanapanda na mifugo kuja kubadilishana na chakula. Biashara hiyo haikuhitaji pembe za ndovu. Misafara iliikuta ikiendelea, ikainenepesha tu.

Na misheni msiiseme kama jengo moja. Kisokwe kwetu kulikuwa na kituo chake, Mamboya nako kukawa na chao. Watu waliojifunza kusoma kule ndio waliokuja kuwa walimu na makarani baadaye. Boma bila karani linaendeshwa na nani, Karani?

---

Karani wa Boma

Dada hapo umenipiga kwenye jina langu mwenyewe.

---

Mtoto wa Ving'hawe

Ahsante dada, hoja ya mpaka wa milima na nyika naichukua.

Tuje kwa Mjerumani, nimpe haki yake Karani.

Carl Peters alikuja Usagara mwishoni mwa 1884 na mikataba yake ya kuwekesha alama, nadhani wote tunaijua hadithi hiyo. Kampuni yake ikaweka kituo Mpwapwa mwaka 1887. Kituo chenyewe kilikuwa wazungu wachache na askari wachache, hakina mamlaka zaidi ya pale risasi inapofika. Mwaka 1888 pwani ikawaka, Bushiri bin Salim na wenzake wakaipinga kampuni kuanzia Pangani hadi kusini.

Katikati ya 1889, Bushiri akiwa amebanwa pwani na majeshi ya Wissmann, kamanda wa Kijerumani, akageukia bara na kuishambulia Mpwapwa. Mjerumani mmoja, Nielsen, aliuawa. Mwenzake Giese akaponyoka na kukimbilia pwani. Misheni nayo haikusalimika. Yaani "mji" ule wa 1887 ulidumu miaka miwili, ukawa majivu.

Wissmann akafika mwenyewe Oktoba 1889 na jeshi, akajenga ngome mpya. Desemba 15 mwaka huohuo Bushiri akanyongwa Pangani.

Angalieni sasa wingi wa watu waliopita kwenye kijiji kimoja ndani ya miezi michache. Novemba 10, 1889 anaingia Stanley tena, miaka 18 baada ya wale wadudu, safari hii akiwa na Emin Pasha, gavana aliyemtoa Equatoria kusini mwa Sudan, pamoja na mamia ya watu waliochoka. Wakapokewa na Luteni Rochus Schmidt wa ngome ile, akawasindikiza mpaka Bagamoyo. Juni 1890 Emin anarudi bara, sasa akiwa mtumishi wa Ujerumani, na anakutana hapo hapo Mpwapwa na Carl Peters anayetoka Buganda.

Kwa nini wote hapo? Kwa sababu njia ilikuwa haijabadilika, na maji yalikuwa hayajahama. Ngome ilijengwa palepale misafara ilipokuwa inalala tangu zamani. Mjerumani angekuwa mwanzilishi kweli, angeweza kuchagua pengine.

---

Karani wa Boma

Mimi naona umenisaidia. Kituo kimechomwa 1889, kikajengwa tena mwaka huohuo kwa mawe na askari wengi zaidi. Kambi za misafara zilikufa zote misafara ilipokufa. Mpwapwa haikufa. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa na boma. Tena miaka ile Wahehe wa Mkwawa walikuwa wanashuka kushambulia njia. Mwezi Agosti 1891 walimmaliza kamanda wa Kijerumani Zelewski na kikosi chake pale Lugalo. Mfanyabiashara gani angelala Mpwapwa bila ngome?

---

Dada wa Kisokwe

Mfanyabiashara huenda asingelala. Mwenye shamba angelala, maana hana pa kwenda. Na msisahau miaka hiyohiyo sotoka ilipita ikafyeka ng'ombe wa Ugogo. Mtu aliyekuwa na zizi lililojaa akabaki na ngozi. Ukisoma historia za boma hukuti hata mstari wa hilo, lakini kwa wazee wetu pigo lilikuwa hilo, bendera ilikuwa ya pili.

---

Injini ya Mvuke

Wakuu, mimi ni mtu wa reli kwa damu, naomba niweke yangu.

Swali la kweli ni kwa nini Mpwapwa haikuwa Dodoma. Miaka ya 1890 ukimwambia mtu kwamba kijiji cha Dodoma kitakuja kuizidi Mpwapwa angekucheka. Jibu ni reli. Reli ya kati ilifika Morogoro 1907, ikaingia Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kutoka Kilosa mhandisi alifuata bonde la Mkondoa: Kidete, Godegode, Gulwe, halafu Msagali. Injini ya mvuke haipendi mlima, bonde lilimpa mwinuko wa taratibu. Mpwapwa ikabaki kaskazini ya reli, karibu ya kuisikia honi usiku kwa mbali kama upepo unavuma vizuri, lakini haina stesheni. Stesheni yake ni Gulwe.

Mpagazi akafutwa na behewa. Marenga Mkali iliyokuwa inaogopwa ikawa abiria anasinzia tu. Na sababu yote ya mleta mada, maji ya mwisho kabla ya nyika, ikaisha thamani kwa tiketi moja ya treni.

Ila bonde nalo limelipiza. Mto ule unaila reli kila mvua zikizidi. El Niño ya 1997/98 ilisomba tuta, na mafuriko ya mwisho wa 2009 kuingia 2010 yakafunga njia kipande cha Kilosa hadi Gulwe kwa miezi. Wajerumani walichagua bonde kwa ajili ya mwinuko, sisi tunalipa gharama ya mto.

---

Mtoto wa Ving'hawe

Injini, hapo umepiga msumari. Na hapo ndipo namuuliza Karani: Dodoma ilipopata reli, ukubwa wa kiutawala ukahamia huko. Boma la Mpwapwa likawa dogo. Kwa hesabu zako mji ulitakiwa kufa.

---

Karani wa Boma

Ulipungua. Haukufa kwa sababu Mwingereza alibakiza wilaya.

---

Daktari wa Ng'ombe

Haukufa kwa sababu ya ng'ombe. Nimesoma uzi wote nikingoja mtu aseme.

Mjerumani alianza kazi ya mifugo Mpwapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza akaweka hapo maabara na makao ya idara yake ya mifugo. Yaani mkoa uko Dodoma, serikali iko Dar es Salaam, lakini mkubwa wa mifugo wa Tanganyika nzima anaandikiwa barua Mpwapwa. Ng'ombe anaitwa Mpwapwa mpaka leo, amezalishwa hapo kwa kuchanganya Sahiwal na Sindhi mwekundu, zebu wetu, Boran na damu kidogo ya Ulaya, ili apatikane mnyama mwenye maziwa anayehimili ukame.

Na kuna kitu kimoja ambacho wataalamu wa udongo duniani wanakijua, watu wa Mpwapwa wenyewe hawakijui. Mwaka 1933 mtafiti aitwaye Staples alipima mmomonyoko pale, na ni kati ya vipimo vya mwanzo kabisa Afrika. Alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko, kila kimoja kimezungushiwa ukingo, chini kuna tangi la kukinga maji na udongo unaoshuka. Kimoja kaacha kichaka bila kuchunga, kimoja nyasi, kimoja kalima mtama, kimoja kakiacha kitupu. Matokeo: kwenye kichaka, maji yaliyotiririka hayakufika hata asilimia 1 ya mvua. Nyasi, karibu asilimia 2. Shamba la mtama, asilimia 26. Ardhi tupu, asilimia 50, na ilikuwa inapoteza tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Kwenye nyasi na kichaka udongo haukuhama.

Hivyo vijito vya mleta mada vilivyovuta wapagazi vinatoka kwenye milima ileile inayovuliwa nguo. Hayo ndiyo maji yenu.

---

Kijiwe Nongwa

Tani 146?! Huo si mmomonyoko, ni kuhama nyumba.

---

Dada wa Kisokwe

Daktari ahsante. Naongeza na shule. Serikali ya Mwingereza iliweka chuo cha walimu Mpwapwa tangu miaka ya 1920, na walimu waliotoka hapo walitawanywa nchi nzima. Ukikutana na mwalimu mstaafu Kigoma au Songea akasikia unatoka Mpwapwa, nusu ya safari atakusimulia bwenini kwao.

Na kabla ya hapo tulipita pabaya. Jeshi la Waingereza na Makaburu liliingia Agosti 1916, Wajerumani wakirudi nyuma. Pande zote mbili zilichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipogoma, ikaja Mtunya, njaa ya 1918 hadi 1920. Ugogo yote walikufa watu wengi mno. Familia zilitawanyika, wengine wakaja kuishi huku milimani kwa sababu hiyo. Mkihesabu waanzilishi wa vitongoji vya leo, wahesabuni na wale.

---

Mkongwa Original

Mmeandika historia ya wilaya bila Kongwa? Kongwa ilikuwa ndani ya Mpwapwa mpaka tulipopewa wilaya yetu 1995. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, matrekta ya vita, meli za vifaa, reli ya tawi toka Msagali. Walitaka kulima ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zake Tanganyika. Udongo wa Kongwa jua likiupiga unakuwa sakafu, karanga haichomoki, mvua zenyewe za Ugogo mnazijua. Mwaka 1951 wakafunga, mamilioni ya pauni yamezama. Kwa miaka ile michache Kongwa ilikuwa na wazungu, umeme na shule yao, makao ya wilaya Mpwapwa ikawa kama kijiji cha jirani.

Baadaye kwenye yale majengo na ardhi wakakaa wapigania uhuru, FRELIMO, ANC, SWAPO. Kwa hiyo msitudharau.

---

Mtoto wa Ving'hawe

Hakuna aliyewadharau, mkuu. Ila umenipa ushahidi mwingine. Kongwa ilipewa kila kitu ambacho Karani anasema kinajenga mji: ofisi, reli, umeme, fedha. Mwingereza alipoondoka reli ikang'olewa. Mpwapwa haikupewa hata stesheni, na watu hawakuhama.

---

Karani wa Boma

Kongwa leo ni wilaya, ina boma. Nimemaliza.

---

Injini ya Mvuke

Mimi naona mnabishana huku mambo yanageuka tena. SGR imeanza kubeba abiria Dar mpaka Dodoma mwaka 2024, na moja ya stesheni zake ni Gulwe. Reli ya kwanza iliipita Mpwapwa, ya pili nayo imepita palepale. Maduka na nyumba za wageni vitafuata stesheni. Nawapa miaka kumi, halafu mtu atafungua uzi hapa "Gulwe ilianzishwa na SGR", na mwingine atamjibu kama mleta mada.

---

Kijiwe Nongwa

Basi tuelewane: mwaka wa kuanzishwa Mpwapwa tuandike upi? Halmashauri wakitaka kufanya sherehe wachapishe fulana zenye mwaka gani?

---

Karani wa Boma

1889. Ngome ya Wissmann. 1887 nimeiachia, maana kile kituo kiliungua.

---

Daktari wa Ng'ombe

Fulana iwe na picha ya ng'ombe, mwaka msiandike.

---

Mtoto wa Ving'hawe

Karani umeiacha 1887, nimepata faida. Mimi ningeweza kutaja 1878 kwa sababu ya daktari na shule, lakini nitakuwa nafanya kosa lilelile la kumpa mgeni cheti cha kuzaliwa cha mji. Leukole alikuwa mkuu wa kijiji tayari 1871.

---

Dada wa Kisokwe

Kaka, swali la pembeni. Hiyo barabara ya Mackay toka Saadani, ilipita Mamboya au iliizunguka? Upande wa mama yangu ni huko, wazee wanataja njia ya zamani ya magari ya ng'ombe lakini kila mmoja anaonyesha mlima wake.

---

Mtoto wa Ving'hawe

Dada, Mamboya inahitaji uzi wake peke yake. Waulize wazee wakutajie majina ya vijito ilipovuka, si milima. Ukiyapata yalete, tutayapanga kwenye ramani hapa hapa.